Besi Imeenda Wapi, Baba Shiru?

"Mwalimu, naishi Kahawa Wendani, ghorofa ya pili, na mali ninayoithamini zaidi ni santuri alizoniachia marehemu baba: Kamaru, Les Wanyika, Shirati Jazz, na za Wakongo kiasi. Kanisa letu lilipobadilisha mitambo niliuziwa ampu yao ya zamani, ya transista, yenye nguvu ya kujaza ukumbi. Rafiki yangu aliisikiliza akasema sauti yake ni kavu, nitafute priampu ya vali iipashe joto. Mke wangu ni mweka hazina wa chama. Alikuwa amenipa pesa nizipeleke benki. Sikuzipeleka zote. Nilinunua priampu ndogo yenye vali mbili, na taa za nyumba zikizimwa inapendeza ajabu. Lakini besi imepungua, na nikiunganisha simu badala ya santuri ni vile vile. Wiki iliyopita stima ilipotea. Iliporudi spika zilitoa kishindo, na tangu hapo ya kushoto inakwaruza. Mama Shiru ameshajua habari za pesa. Rafiki anasema kosa ni kununua cha bei rahisi, nipande daraja. Shemeji yangu aliyeko Marekani ana priampu ya zamani, Dynaco PAS-3, na yuko tayari kuileta Desemba. Tena Thika kuna fundi anayesema ataniundia nyingine kwa mkono. Nichague ipi?"

Baba Shiru, Kahawa Wendani

Baba Shiru, kwa sasa usichague yoyote. Pesa ya kwanza utakayoishika si ya priampu, ni ya chama. Hesabu zikipungua, wanachama hawataulizia ampu. Watamuuliza mweka hazina mbele ya wenzake, na jina litakaloharibika ni la Mama Shiru. Mtangulie. Nendeni nyote wawili kwa mwenyekiti kabla ya siku ya mkutano, useme kwa kinywa chako kwamba ni wewe uliyezitumia, na utaje tarehe ya kuzirudisha. Kama ile priampu ndogo ingali nzima, iuze kwa mtu mwenye ampu ya kawaida ya nyumbani, ambayo huenda ikapatana nayo kuliko yako.

Hayo ya chama nimemaliza. Sasa tuje kwenye besi.

Barua yako ina majina mengi na haina namba hata moja. Nayo priampu na ampu huoana kwa namba, tena chache. Igeuze ampu ya kanisa uangalie mgongo wake, au utafute kitabu chake, usome panapoeleza ukinzani wa tundu la kuingilia. Ampu nyingi za kumbi hupokea kwa omu 20,000 ukitumia waya wa XLR wenye njia tatu, na kwa omu 10,000 tu ukitumia waya wa RCA kwa adapta, kama nadhani unavyofanya. Ampu za nyumbani mara nyingi huwa kati ya omu 20,000 na 50,000. Zile za zamani zilizokuwa za vali tupu zilipokea kwa omu laki kadhaa. Dynaco Stereo 70 ya mwaka 1959, kwa mfano, hupokea kwa omu 470,000. Priampu nyingi za vali zilibuniwa zikikusudiwa ampu za namna hiyo ya mwisho. Ukiichomeka kwenye ampu ya kanisa, imekutana na mzigo ambao mbunifu wake hakuufikiria.

Ishara ya muziki ikitoka kwenye priampu hugawanywa kati ya ukinzani wa inakotoka na ukinzani wa inakoingia. Mafundi wana kanuni yao: wa kuingilia uwe angalau mara 10 ya ule wa kutokea. Chukua vali ya ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7, iliyo maarufu kuliko zote. Fundi akitoa ishara moja kwa moja kwenye anodi yake, na kizuizi cha omu 100,000 juu yake kama ilivyo desturi, ukinzani wa kutokea hufika karibu omu 38,000. Ukiupeleka kwenye tundu la omu 10,000, ampu inapata takriban moja ya tano ya volti iliyotayarishwa. Vali nayo, ikisukuma mzigo mzito hivyo, huanza kuikunja sauti. Hilo si joto alilokuahidi rafiki yako.

Lakini wewe hukulalamika kwamba sauti yote imeshuka. Ulilalamika juu ya besi. Kwa hiyo namshuku mwingine: kapasita ya kutokea. Vali hufanya kazi kwenye volti nyingi za mkondo wa moja kwa moja, na volti hizo zikifika kwenye ampu ya transista ni balaa. Ndiyo sababu kati ya vali na tundu la nyuma huwekwa kapasita, izizuie na kuupitisha muziki. Ila haipitishi muziki wote sawasawa. Noti ikizidi kuwa nzito, upitaji unazidi kuwa mgumu, na mahali inapoanza kukatika hutegemea ukubwa wa kapasita ukizidishwa na ukinzani wa ampu. Kapasita ya mikrofaradi 0.22 ikikutana na omu 470,000, besi huanza kukatika kwenye hertz 1.5, chini kabisa ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia. Kapasita hiyo hiyo ikikutana na omu 10,000, mkato unapanda hadi hertz 72. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa hertz 41. Hapo volti yake imebaki nusu. Kwa muziki wa Les Wanyika, ambao tangu 1978 walipojitenga na Simba Wanyika waliujenga juu ya besi inayotembea bila haraka, hasara hiyo mtu ataisikia hata akiwa jikoni.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Ampu nyingi za kumbi huwa na vitufe vya sauti vya kuzungusha mbele. Zima kila kitu, ondoa priampu, unganisha simu moja kwa moja kwenye ampu, shusha vitufe hadi sifuri, kisha washa na uvipandishe polepole. Besi ikirudi, ujue hakuna kilichoharibika kwenye ampu, na wala bei ya priampu si kosa; viwili hivi havikupatana. Utagundua na jambo jingine ambalo rafiki yako hatalifurahia: kwa simu, huhitaji priampu kabisa. Ampu kama yako hufika kilele chake ikipewa volti 1.4 au pungufu, na sebule yako haihitaji hata robo ya hizo.

Besi isiporudi, tazama kwingine. Na nikuulize pia: unasafiri kwa matatu za Thika Road asubuhi na jioni? Masikio yanayokaa saa mbili kwa siku ndani ya matatu ya 237 huzoea besi iliyochochewa, na santuri iliyotengenezwa kwa uaminifu itayaonekea nyembamba. Nalisema bila utani.

Juu ya ukavu, sina dini ya vali wala ya transista. Priampu nzuri ya vali huongeza kiasi kidogo sana cha sauti ya oktavu ya juu ya kila noti, na kiasi hicho huyapendeza masikio mengi, yangu yakiwemo. Lakini ni kidogo. Haigeuzi ampu ya kanisa kuwa ampu nyingine, kwa kuwa spika bado zinasukumwa na transista zile zile. Sebule za ghorofa za Wendani nimezikalia: sakafu ya taili, kuta tupu zilizopakwa rangi ya mafuta, madirisha ya vioo vipana, na viti vimesukumwa hadi ukutani. Chumba hicho kitaikausha hata sauti ya malaika. Zulia nene mbele ya spika, pazia zito dirishani na kabati la vitabu ukutani vitabadilisha unachosikia kuliko vali yoyote utakayouziwa. Tena Mama Shiru hatakuwa na neno juu ya zulia.

Kuhusu zile taa zinazopendeza: vali halisi huwaka wekundu hafifu, nao hutoka kwenye uzi wa ndani, aghalabu ukionekana juu au katikati. Ukiona mwanga mkali wa rangi ya machungwa unaopanda kutoka chini ya kitako, hiyo ni LED iliyobandikwa kwa urembo. Priampu ndogo nyingi za bei yako hutumia vali za 6J1, ambazo ziliundwa kwa volti 120 hivi za anodi, na kifaa kizima kinalishwa na adapta ya volti 12. Ndani huongezwa mpaka makumi kadhaa ya volti. Vali inapiga, ndiyo, lakini inapiga na njaa.

Sasa kishindo. Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko besi, maana kwetu stima huondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Unapowasha priampu ya vali, kapasita ya kutokea huwa haina chaji. Vali zikipata moto na volti za ndani zikipanda, kapasita hujaa, na katika kujaa huko husukuma wimbi zito hadi tundu la nje. Ampu ikiwa tayari imewaka, wimbi hilo hukuzwa na kupelekwa moja kwa moja kwenye spika. Kwa mkono wako ungeweza kuliepuka: priampu kwanza, ungoje dakika moja au mbili, ndipo ampu; wakati wa kuzima, ampu kwanza, ingoje inyamaze, ndipo priampu. Lakini stima ikirudi saa nane usiku na swichi zote ziko wazi, hakuna mkono.

Dawa ni mbili na zote zinapatikana. Ya kwanza ni priampu yenye relei ya kunyamazisha, inayofunga tundu la kutokea mpaka vali zitulie, na kulifunga tena papo hapo stima ikikatika. Ya pili inauzwa karibu kila duka la vifaa vya umeme: ile gadi ya friji. Iliundwa kulinda kompresa kwa kuchelewesha umeme dakika kadhaa baada ya stima kurudi. Ukiilisha ampu kupitia gadi hiyo, na priampu kupitia soketi ya kawaida au gadi ya televisheni yenye subira fupi, mpangilio utajisimamia wenyewe: priampu itaamka kwanza, ampu ifuate ikiwa mambo yametulia. Hakikisha tu gadi ina ampea za kutosha kwa ampu yako. Gadi haisaidii sana wakati stima inapokatika, kwa hiyo relei bado naitaka. Zaidi ya hayo yote, jizoeze kuzima ampu ukutani unapokwenda kulala.

Soketi zenyewe, zikague. Zipo nyumba za kupanga ambazo tundu la tatu, la ardhi, liko kwa sura tu na halijaungwa popote. Kifaa cha chuma chenye volti 250 ndani hakifai kuishi katika nyumba hiyo. Ukisikia mvumo wa hertz 50 na mtu akakushauri ukate pini ya ardhi ili unyamaze, mshukuru kwa chai na usimruhusu ashike koleo. Wala usifungue priampu ya vali mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita zake za umeme huweza kushika chaji ya kuua kwa muda baada ya kuzimwa.

Kuhusu Dynaco ya shemeji: ni mashine yenye historia. Kampuni ya Philadelphia iliiuza kwa maelfu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengi wakiiunganisha wenyewe kutoka kwenye sanduku la vipuri, na ndani mna hatua ya santuri ambayo wewe unaihitaji kweli. Lakini ilizaliwa kuilisha Stereo 70 na omu zake 470,000. Ikikutana na omu 10,000 itakurudisha palepale ulipo leo, labda pabaya zaidi, na tatizo hilo la PAS na ampu za transista linajulikana tangu zamani. Tena transfoma yake ni ya volti za Marekani, 120. Ukiichomeka kwenye 240 zetu itatoa moshi kabla hujaketi. Ingehitaji transfoma ya kushusha, kapasita mpya badala ya za umri wa baba yako, na saketi ya kushusha ukinzani wa kutokea. Ukijumlisha, zawadi hiyo ni ghali.

Aliyebaki ni fundi wa Thika, na nikiri kwamba moyo wangu uko upande wake, mradi ajibu maswali. Mwambie ampu yako inapokea kwa omu ngapi, kisha umsikilize. Akitaja ECC82 katika mpangilio wa kathodi folowa, au hatua moja ya kukuza ikifuatwa na kathodi folowa, anajua kazi. Mpangilio huo hushusha ukinzani wa kutokea hadi omu mia tano hivi, na omu 10,000 zako zitakuwa mara 20 yake. Kapasita ya kutokea iwe mikrofaradi 2.2 au zaidi, ya filamu, ya volti 400. Hapo mkato wa besi unashuka hadi hertz 7, na hakuna gitaa litakalopotea. Kapasita kubwa hutoa kishindo kikubwa zaidi, kwa hiyo relei ya kunyamazisha si hiari tena, na fundi aweke kizuizi cha kumwaga chaji kwenye tundu. Ukuzaji uwe mdogo: mara mbili hadi nne unatosha. Wapo watakaokusifia mara 20. Ukikubali, kitufe cha sauti kitafika mwisho wa matumizi kabla hakijapita robo ya mzunguko wake, na kila mnong'ono wa vali utausikia kitandani.

Nimetaja ECC82 kwa sababu nyingine pia. Vali hizo na ECC83 bado zinatengenezwa, na JJ wa Čadca huko Slovakia ndio wengi huwaagiza, kwa kuwa wapiga gitaa duniani hawajaacha kuzitumia. Mnamo 2022 Urusi iliposimamisha kwa muda kuuza vali nje, bei zilipaa, lakini vali hazikuacha kutengenezwa. Vali adimu ya kijeshi aliyoipata fundi kwenye droo ni nzuri hadi siku itakapokufa. Na usihofie tokeni: uzi wa vali moja ya namna hii hula wati mbili hivi.

Fundi akikwambia omu na mikrofaradi ni siri ya kazi, panda gari urudi Wendani.

Spika ya kushoto nayo, usiihukumu kabla ya kuipima. Badilisha waya, ya kushoto ipigwe na upande wa kulia wa ampu. Mkwaruzo ukihamia spika nyingine, lawama ni ya ampu, priampu au nyaya. Ukibaki palepale, zima, weka vidole vinne kwa upole kuzunguka koni na uisukume ndani sawasawa. Ukihisi inakwangua, koili imetoka katikati au imeungua. Fundi wa spika anaweza kuweka koili mpya na koni mpya. Hayo ndiyo matengenezo ya kwanza baada ya deni la chama, yafuatiwe na gadi. Priampu ingoje.

Shemeji usimwangushe, maana amejitolea. Mpe kazi nyepesi zaidi. Angalia jina na namba vilivyoandikwa kwenye kichwa cha mkono wa pleya yako, pale sindano inapokaa, umtumie picha, umwombe alete sindano mpya ya kichwa hicho. Ukiwa huna hakika, ipeleke picha hiyo hiyo Soko la Kenyatta, kwa Jimmy Rugami, ambaye ameuza santuri hapo kwa miongo mitatu na zaidi. Ameshaona vichwa vya kila aina. Sindano iliyoisha huchonga mifereji ya santuri kila mzunguko, na kile inachokichonga kwenye Kamaru wa mzee wako hakuna vali wala transista itakayokirudisha. Sindano mpya inaingia kwenye mfuko wa shati, na haijali kama stima ni volti 120 au 240.